Tufe la Chuma Sebuleni kwa Mwalimu

Mzee niliyekuwa namtunza kule Harrow alikuwa amefundisha historia sekondari kwa miaka mingi, ndiyo maana nilimwita Mwalimu. Wiki ya kwanza nilimweleza maana ya neno hilo, na kwamba kwetu Tanga mtu akishaitwa hivyo anabaki nalo hata akistaafu. Alilipenda sana. Akawa anapiga simu ofisini kwetu anasema, "Mwalimu hapa," na wasichana wa ofisini hawajui wanaongea na nani.

Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kushoto. Alizungumza vizuri na akili yake ilikuwa nzima, lakini mkono wa kushoto ulilala mapajani kama kitu cha mtu mwingine, na hakuweza kusimama bila kushikwa. Mkewe alishafariki. Binti yake wa pekee aliishi Leeds na alikuja mara moja kwa mwezi. Mimi niliingia saa mbili asubuhi, nikaondoka saa kumi jioni, siku tano za wiki. Jioni alikuja mwenzangu mwingine kumlaza.

Nyumba yake ilikuwa ya zile zilizojengwa mbilimbili, zimeshikana ukuta mmoja. Upande wa pili aliishi mama kijana mwenye mtoto mchanga. Mtoto akilia tulimsikia kana kwamba yuko chumba cha pili, na Mwalimu aliangalia saa na kusema leo kachelewa, au leo kawahi.

Sebuleni kulikuwa na kabati la vioo, na ndani yake kulikuwa na vitu vya vita moja tu: vita ya Wamarekani ya kujitoa mikononi mwa mfalme wa Uingereza, na hasa ile miaka yake ya mwanzo. Kulikuwa na vifungo vya makoti ya askari, ramani iliyokunjika kunjika, na bakuli la risasi za zamani, za mviringo kama gololi, baadhi zimebonyea. Chini ya kabati, pembeni ya jiko la ukutani la kuotea moto, lililozibwa zamani, kulikaa tufe la chuma lenye kutu, kubwa kama nazi iliyofuliwa. Alilinunua sokoni hapa London akiwa kijana. Muuzaji alimwambia ni risasi ya mzinga iliyochimbuliwa kwenye kilima kinachoutazama mji wa Boston, na Mwalimu alisema aliamini nusu.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa ameagiza Mwalimu asukume vitu vidogo kwa mkono mbovu, kila siku nusu saa. Vikombe vya plastiki walivyomletea alivikataa. Alitaka risasi zake. Basi kila siku baada ya chai niliweka sinia mapajani mwake, nikamwaga risasi juu yake, naye akaanza kuzisukuma kwa vidole visivyotii, huku ananisimulia.

Hivyo ndivyo nilivyoijua vita ile, kwa vituo vituo, mkono ukichoka hadithi inasimama. Alinieleza jinsi wanajeshi wa mfalme walivyotoka Boston kwenda kukamata baruti zilizofichwa vijijini, wakakuta wakulima wamejipanga na magobori alfajiri, na mtu mmoja akafyatua, na mpaka leo hakuna anayejua ni nani. Mwalimu aliamini kwamba yeyote aliyefyatua hakukusudia. Wote walikuwa na hofu, alisema, na vidole vya mtu mwenye hofu havina mwenyewe. Alinieleza jinsi askari wa mfalme walivyopanda kilima mara tatu kwa makoti mekundu na mizigo mgongoni, wakipigwa risasi na watu waliojificha nyuma ya boma la udongo. Akanieleza jinsi mizinga ya waasi ilivyokokotwa na maksai juu ya theluji majira yote ya baridi, ikapandishwa kwenye kilima cha juu ya Boston, na watu wa mjini walipoamka wakaiona inawatazama.

Siku moja nilimuuliza watu weusi walikuwa upande gani. Alisimamisha mkono. Akasema pande zote mbili. Akasema gavana mmoja wa mfalme aliwaahidi uhuru watumwa wa waasi wakikimbilia kwake wapigane, na walikimbia kwa mamia, wanawake na watoto pia, wakaingia kwenye meli zake. Ndui ikawamaliza humo humo. Nilikaa na jambo hilo siku nzima nikiwa namkatia mboga.

Hofu yangu ilianza mwezi wa kwanza, mwaka wangu wa pili pale. Binti yake alikuwa ameazima mashine ya kuosha zulia, nikaosha zulia la sebuleni. Tufe lilikuwa limeacha alama ya kutu, kwa hiyo nililiosha na lenyewe kwa kitambaa chenye maji, kisha nikaliweka mbele ya hita ya umeme likauke. Hita hiyo tulikuwa tumeileta kwa sababu boila ya kupasha nyumba joto ilikuwa mbovu. Baada ya chakula cha mchana niliinama kulirudisha mahali pake. Kwenye gazeti nililolitandika chini kulikuwa na unga mweusi.

Tufe lilikuwa na tundu dogo lililozibwa kwa mti. Mti ule umeoza, nami kwa kusugua nilikuwa nimeutikisa. Kilichomwagika hakikuwa kutu. Kutu ni nyekundu. Hizi zilikuwa chembe nyeusi, zinang'aa kidogo, kama mbegu ndogo za mchicha.

Baba yangu alifanya kazi machimbo ya mawe. Nilikuwa nampelekea chakula, na nilijua bati walimoweka baruti, na nilijua mtu mmoja pale aliyebaki na vidole viwili. Baba alinionyesha chembe zile kwa mbali, mara moja tu, akaniambia nikiziona mahali popote nisiguse, niondoke nimwite mtu mzima. Sasa mtu mzima nilikuwa mimi, na nimepiga magoti, na hita inawaka nyuma ya kiwiko changu.

Nilizima hita. Nilimwambia Mwalimu kuna baruti ndani ya lile tufe. Akacheka kwa upole, akasema ni chuma kitupu, risasi za mzinga za wakati ule zilikuwa chuma kitupu. Nikamwonyesha gazeti. Aliliangalia muda mrefu, kisha akaniagiza nilete futi ya kushonea na mizani ya bafuni.

Mpaka leo sijui kwa nini nilikubali. Nadhani nilitaka aniambie nimekosea. Nililipima mzunguko wake, halafu nikalibeba kwa mikono miwili hadi kwenye mizani, hatua nne, sijavuta pumzi. Mizani ilisema kilo saba. Mwalimu alichukua penseli akapiga hesabu pembezoni mwa gazeti la jana. Akairudia. Akasema tufe la ukubwa ule, kama ni chuma mpaka ndani, lingefika kilo kumi na zaidi.

"Ni kombora," alisema. "Lina uwazi ndani. Waliyajaza baruti, wakachomeka utambi. Mengine utambi ulizimika kabla hayajapasuka."

Nikamwuliza baruti ya miaka mingi namna hiyo inaweza kufanya kitu. Akasema ikikaa kavu, haizeeki. Kisha sote wawili tukatazama hita.

Nilitaka kupiga simu polisi saa ile ile. Aliniomba nisifanye hivyo. Kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, alisema binti yake anatafuta sababu tu ya kumpeleka kwenye nyumba ya wazee, na hii itakuwa sababu. Akasema limekaa pale zaidi ya miaka hamsini, haliwezi kuamua kupasuka leo. Aliomba siku chache afikiri.

Ningesema nilikubali kwa huruma, lakini si kweli. Nami nilikuwa na hofu yangu. Viza yangu ilitegemea kampuni iliyonileta. Meneja alitukumbusha mara kwa mara kwamba tukiachishwa kazi tutakuwa na muda mfupi wa kupata mwajiri mwingine au kurudi tulikotoka. Na aliyeliosha kombora nani? Aliyeliweka mbele ya moto nani? Niliona maneno hayo yameandikwa kwenye fomu, na jina langu chini yake. Nikalifunika tufe kwa taulo lenye maji, nikaosha mikono mara nne, na saa kumi nikaondoka nikimwacha peke yake nalo. Mwenzangu wa jioni nilimwambia tu kwamba hita imeharibika, asiiwashe.

Siku ya pili na ya tatu nilifanya kazi kwa soksi. Nilipika jikoni mlango umefungwa. Mabomba ya maji yakigonga ukutani, nilisimama na kijiko mkononi nikingoja. Sinia la mazoezi hatukuligusa. Tulikaa chumba kimoja, yeye kwenye blanketi mbili na mimi kwenye koti langu, na wala hatukulitaja. Mara moja tu alisema kwamba alikuwa amewasimulia wanafunzi habari za watu wa Boston waliolala chini ya mizinga ile, miaka thelathini anawasimulia, na hakuwahi kufikiria walikuwa wanakulaje chakula chao. Mwenyewe hakula siku ile. Upande wa pili wa ukuta mtoto alianza kulia, halafu tukasikia mama yake anamwimbia. Tufe lilikuwa chini ya ukuta huo huo.

Nilikuwa nimepanga chumba Wealdstone, kwa mama mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu. Familia yake iliondoka Kenya akiwa msichana, lakini Kiswahili alikihifadhi, na alikitumia kwangu tu, kwa sababu watoto wake hawakukitaka. Jioni ile ya tatu alinikuta nimekaa kwenye ngazi na viatu mguuni, sijawasha taa. Akaniuliza mbona uso wangu uko hivyo. Nikamweleza yote, mpaka hita. Alisikiliza akiwa amesimama na mfuko wa vitunguu mkononi.

"Huyo mtoto ako na miezi ngapi?" aliniuliza.

Nikasema labda mitano.

"Na mama yake anajua?"

"Hajui, mama."

"Basi wewe na mzee mnaogopa vitu vyenu. Yeye hata hiyo nafasi ya kuogopa hamjampatia." Akaweka vitunguu chini. "Viza ikienda, tutalia hapa pamoja, nitakupikia. Lakini asubuhi piga hiyo simu."

Alitaka nipige wakati ule ule. Nikamwambia nataka nimwambie Mwalimu kwanza, uso kwa uso. Alinijibu kwamba hilo ni la woga. Alisema kweli, nami nilijua. Sikulala.

Asubuhi nilifika mapema. Nilisimama bustanini mbele ya nyumba, mikono imekufa kwa baridi, nikapiga simu polisi. Yule dada wa kwenye simu aliniuliza lina ukubwa gani, liko wapi, nani yuko ndani, nani yuko jirani. Nilipomaliza niligonga mlango wa jirani kwanza. Nilimwambia amchukue mtoto atoke sasa hivi, polisi wanakuja, asingoje kukusanya vitu. Aliniangalia mara moja, akarudi ndani mbio. Alitoka na mtoto ndani ya koti lake na miguu mitupu kwenye viatu.

Kisha nikaingia kwa Mwalimu. Alikuwa kitandani, chumba cha chini, karibu na sebule. Nikamwambia nimeshapiga simu.

Aligeuza uso akatazama dirisha. Nikaleta kiti cha magurudumu, nikafunga breki, nikafunua blanketi. Kumtoa kitandani ilikuwa kazi ya dakika kumi na tano siku njema, akiwa anasaidia. Siku ile alijilegeza mwili wote, akawa mzito kama gunia.

"Niache," alisema. "Toka wewe."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi? Mlango huo."

Nilikaa chini sakafuni kando ya kitanda. Nikamwambia, "Mwalimu, naogopa. Siku tatu sasa naogopa. Nikitoka peke yangu nitaogopa maisha yangu yote. Nisaidie tutoke."

Aliugeuza uso kutoka dirishani. Kisha akasema soksi zake nene ziko droo ya pili.

Nilimvalisha. Kifungo cha shati kilinishinda, nikakiacha. Nilimpitisha mkono kwapani, nikahesabu moja mbili tatu kama tulivyozoea, akasimama, akayumba, tukarudi wote wawili kitandani. Mara ya pili hivyo hivyo. Niliposikia mlango wa mbele unafunguliwa nilipiga ukelele. Alikuwa polisi kijana, usoni mwekundu, ananiuliza liko wapi. Nilimwonyesha kwa kidole taulo lililoonekana kupitia mlango wa sebule. Alilitazama, akaja upande wa pili wa Mwalimu. Tulimnyanyua kwa pamoja, tukamweka kwenye kiti. Njia ya kutokea ilipita mlango ule wa sebule, na nilimsukuma Mwalimu pale nikiwa nimefumba macho, nikagonga fremu ya mlango, na mgongo wangu wote ukangoja mlio. Haukuja. Nje kulikuwa kumekucha kabisa na majirani walikuwa wanatembea kwa nguo za kulalia kuelekea mwisho wa barabara.

Walitupeleka ukumbi wa shule ya msingi. Tulikaa huko tangu asubuhi mpaka saa tisa. Watu walipata chai, wakaanza kuchangamka, wengine wakapiga picha barabara iliyofungwa. Mimi hofu haikunitoka, ilibadilika tu. Nilingoja meneja. Nilingoja mlio. Mama wa mtoto alikuja akakaa karibu yetu, na Mwalimu alimwambia kwamba alijua siku tatu na alinikataza kusema. Alilisema waziwazi, bila kujitetea. Yule mama aliinuka na mtoto wake. Alihamia viti vya mbele. Sikumlaumu. Hata mimi nilistahili kukimbiwa, kama Mwalimu.

Wanajeshi wa kutegua mabomu walikuja na gari lao. Baadaye mmoja wao, mtu mzima mwenye miwani, alikuja ukumbini kutueleza. Walikuwa wamelipiga eksirei pale pale sebuleni. Lilikuwa limejaa zaidi ya nusu, na katikati baruti ilikuwa kavu. Taulo lenye maji, alisema, lilikuwa wazo zuri. Alipoambiwa habari ya hita alitazama sakafu, akaniuliza ilikuwa umbali gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Akatikisa kichwa, akaendelea kuandika. Walilibeba kwenye sanduku la mchanga wakaenda kulilipua uwanda wa wazi mbali na mji, nasi hatukusikia chochote.

Binti wa Mwalimu alifika kutoka Leeds alasiri hiyo. Nilitegemea anifokee. Alimkumbatia baba yake, akaenda chooni, akarudi macho yamevimba, akaniuliza kama nimekula.

Kampuni ilinisimamisha kazi kwa uchunguzi. Hizo ndizo wiki mbaya kuliko zote, mbaya kuliko hata kufanya kazi kwa soksi, kwa sababu zilikuwa ndefu. Kila bahasha ikianguka mlangoni nilitoka chumbani. Mama mwenye nyumba alikuwa anaziokota yeye kwanza, anazisoma kwa nje, anasema ya gesi, ya gesi, ya benki. Mwalimu aliniandikia barua ya kuwapelekea, kurasa mbili kwa mkono wa kulia, akieleza kwamba mimi ndiye niliyegundua, yeye ndiye aliyezuia. Meneja aliisoma mbele yangu. Alisema siku tatu ni siku tatu. Mwishowe nilipewa onyo la maandishi, na mafunzo ya siku nzima ya usalama, ambako tulifundishwa kuhusu sakafu zenye maji na nyaya za umeme. Viza haikuguswa. Nilipotoka kwenye kikao hicho nilikaa kituo cha treni, treni nne zikapita.

Mwalimu aliuza nyumba kabla ya mwaka kuisha, akahamia karibu na binti yake, chumba chenye bustani. Tuliongea kwenye simu mara chache. Vitu vya kabatini alivitoa vyote kwa shule aliyokuwa akifundisha. Alisema mkono unaendelea vizuri. Aliniambia pia kwamba aliota amesimama darasani anafundisha habari za kilima kile, na hakuna mwanafunzi aliyekuwa anaandika, wote wamekaa wanamwangalia.

Mimi walinipeleka Lewisham, kwa bibi mmoja wa Jamaika aliyevunjika nyonga. Siku ya kwanza, kabla ya kuvua koti, nilimuuliza kama kuna kitu chochote ndani ya nyumba ile ninachopaswa kujua. Akafikiri kwa makini, akasema kuna paka. Nikamshukuru. Kisha, kwa ruhusa yake, nikazunguka chumba kwa chumba nikafungua kila kabati, naye akanifuata taratibu na fremu yake ya kutembelea, hakuniuliza natafuta nini.